Kagua Shingo Kwanza: Zana ya Kuchimbia kwa Mtu wa Ditekta

Mtu anauza ng'ombe wawili, anakopa kwenye kikundi, shemeji anamwongezea, ananunua ditekta ya mamilioni ya shilingi. Siku ya kwenda porini anapita dukani na kuchukua kijembe cha bustani, kile chenye mpini wa plastiki ya kijani, kwa bei isiyofika sahani ya wali kuku. Saa nne asubuhi mashine inalia. Ardhi ni changarawe nyekundu iliyokauka tangu masika yalipokatika. Anapiga mara tatu, kijembe kinapinda shingoni. Anakinyoosha kwa goti, anapiga tena, kinakatika. Siku iliyobaki ni ya kuzunguka na mashine inayolia juu ya vitu ambavyo hana namna ya kuvifikia.

Ditekta haichimbi. Inatoa taarifa tu kwamba hapa pana kitu, na kuanzia hapo kazi ni ya mkono na chuma. Zana ya mkono ndiyo inayoamua mashimo mangapi yatakamilika kwa siku, kwa hiyo ndiyo inayoamua kama mashine itarudisha fedha zake. Makala hii inamlenga mtafutaji wa dhahabu wa Chunya, Geita, Kahama, Migori au Pokot Magharibi anayetembea na ditekta, ingawa mengi yake yatamfaa pia fundi anayetafuta bomba lililofukiwa au mtu aliyepoteza pete ufukweni.

Unachimba nini, na kina gani

Dhahabu laini iliyosambaa ndani ya mwamba, ile inayotaka karasha na karai, ditekta haiisikii. Inachosikia ni kipande, hata kiwe kidogo kama punje ya mchele. Ndiyo maana watu wa ditekta hukimbilia maeneo ambako dhahabu ilimomonyoka kutoka kwenye miamba ikabaki kwenye udongo wa juu na kwenye vijito. Lupa, wilayani Chunya, ni mfano mzuri. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu walifurika kuchimba mabonde yake kwa majembe na makarai, miongo mingi kabla mtu yeyote huko hajavaa spika za masikioni kusikiliza ardhi. Kakamega nayo ilikuwa na kishindo chake mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1930.

Kipande kisichofika gramu moja husikika kikiwa karibu na uso wa ardhi, mara nyingi ndani ya kina cha shubiri moja. Kikubwa husikika chini zaidi, na hapo shimo linaweza kufika kiunoni. Lakini mlio mwingi wa siku si wa dhahabu hata kidogo: ni misumari, vizibo vya soda, maganda ya risasi, vipande vya bati, nyaya za mitego. Kila kimoja lazima kifukuliwe ili kijulikane. Kwa hiyo unahitaji kitu kinachofungua ardhi ngumu haraka, kwa kina cha shubiri moja hadi mbili, mara nyingi kwa siku, bila kukuchosha bega. Nguvu ya kuvunja mwamba ni ya moko na nyundo, na hiyo ni kazi ya mtu mwingine.

Ukiwa na uwezo wa kununua zana mbili, nunua sururu ndogo na kisu cha kuchimbia. Sururu ndogo ni ile ambayo kichwa chake kina uzito wa kilo moja hadi kilo moja na nusu, ncha upande mmoja na upana wa jembe upande wa pili, na mpini wa sentimita 60 hadi 90. Sururu ya wajenzi wa barabara huzidi hapo maradufu kwa uzito. Inachimba vizuri, lakini ifikapo saa saba mchana utakuwa umeanza kuiruka milio dhaifu kwa sababu ya uchovu, na milio dhaifu ndiyo mara nyingi yenye dhahabu. Kisu cha kuchimbia, chenye urefu wa sentimita 30 hadi 35 pamoja na mpini, ni cha hatua ya mwisho: kukwangua pembeni, kuchokoa kwenye mizizi, kuvuta udongo kidogokidogo uupitishe mbele ya mashine. Ukiwa na uwezo wa kununua moja tu, chukua sururu, na ule udongo wa mwisho uchokoe kwa kijiti.

Shingo

Zikusanye zana zilizokufa kambini uzitazame. Makali yaliyoisha kabisa utayaona kwa nadra. Karibu zote zimekatikia au zimepindia palepale, pale bapa linapokutana na mpini. Sababu yake ni rahisi. Unapochomeka bapa ardhini na kuukandamiza mpini ili udongo ufumuke, mkono wako uko mwisho mmoja na udongo uko mwisho mwingine, na mzigo wote unakusanyika shingoni. Kadiri mpini ulivyo mrefu ndivyo shingo inavyoonewa. Wauzaji wanalijua hili, ndiyo maana watakuonyesha makali, meno ya msumeno pembeni, vipimo vya sentimita vilivyochorwa kwenye bapa, ala nzuri ya mkanda. Wewe geuza zana, tazama shingo.

Shingo mbaya kuliko zote ni ya chuma cha duara chembamba kilichochomekwa vidole viwili tu ndani ya mpini wa plastiki au wa mti na kugundishwa. Hiyo ni ya kuhamishia miche. Inayofuata kwa ubaya ni bapa lililoshikizwa kwenye mpini kwa nukta mbili tatu za kuchomelea. Ukiona nukta badala ya mstari kamili wa weldi unaozunguka kiungo chote, irudishe. Hata weldi nzuri ina dosari yake, kwa sababu joto hubadilisha chuma kilicho jirani nayo. Chuma kigumu kikichomelewa na kuachwa kipoe hivihivi, ukanda mwembamba kando ya weldi huwa mwepesi kupasuka, na ufa huanza humo bila kuonekana kwa macho.

Shingo ya heshima ni ile isiyokuwepo. Yaani bapa na mpini ni kipande kimoja cha chuma, kutoka ncha hadi kitako, na mti au mpira umewekwa juu yake kwa ajili ya mkono tu. Visu vya kuchimbia vya Kijapani vinavyoitwa hori-hori, ambavyo asili yake ni ya wakulima wa bustani, vingi hufuata njia iliyo karibu na hiyo: mkia wa bapa huingia ndani kabisa ya mpini wa mti na kufungwa kwa ribiti. Kuna pia kisu cha Marekani kiitwacho Lesche, kinachosifiwa sana na watu wa ditekta wa huko. Kimetengenezwa kwa chuma chenye kromiamu na molibdeni, kimepitishwa kwenye moto ili kiwe kigumu, na kina kinga mbele ya vidole. Ni zana nzuri. Ila ilibuniwa kwa ajili ya nyasi za bustani na viwanja vya michezo, ambako mtu hukata kipande cha nyasi, akakiinua kama mfuniko na kukirudisha bila alama. Kwenye changarawe ya Chunya itafanya kazi, lakini ukijumlisha usafirishaji na ushuru utakuwa umelipia ubora ambao mhunzi wa karibu anaweza kukupa.

Kujaribu dukani huchukua dakika moja. Simamisha ncha juu ya kipande cha mbao, shika mpini kwa mikono miwili, legeza uzito wa mwili wako juu yake polepole kwa kuuegemeza pembeni. Chuma kizuri kitapinda kidogo na ukiachia kitarudi kama kilivyokuwa. Chuma laini kitabaki kimepinda. Muuzaji akikukataza kujaribu, hilo nalo ni jibu. Kisha ning'iniza zana kwa vidole viwili na uigonge kwa funguo. Inayolia kwa sauti ndefu ni nzima, inayotoa mlio mfu ina ufa au ina kiungo kilicholegea.

Chuma, na hadithi za wauzaji

Neno linalouza zana nyingi siku hizi ni "haishiki kutu". Kwa mtu wa ufukweni ni sifa ya kweli, maana chumvi hula chuma cha kawaida ndani ya wiki, na wanaochota mchanga wa bahari kwa vichujio vyenye matundu wana haki ya kudai chuma cha pua kisichoshika kutu. Kwa mtu wa bara ni sifa ya ziada tu. Vijembe vingi vya bei nafuu vinavyong'aa vimetengenezwa kwa aina laini ya chuma hicho: havishiki kutu, na pia havisimami mbele ya jiwe. Kutu ya juu inafutwa kwa kitambaa chenye mafuta, lakini bapa lililopinda mara tatu halina dawa.

Hadithi ya pili ni ya zana "isiyo na sumaku", inayodaiwa kwamba haitaisumbua ditekta. Ni kweli kwamba baadhi ya vyuma visivyoshika kutu havinaswi na sumaku. Lakini ditekta haitafuti sumaku. Inatafuta kitu kinachopitisha umeme, na chuma hicho kinapitisha. Kiweke karibu na sahani ya mashine, italia, na titani nayo italia. Dawa ni tabia wala si chuma: ukishafukua, tupa zana hatua mbili tatu nyuma yako kabla hujarudisha mashine shimoni. Viatu vyenye chuma kwenye vidole na simu iliyo mfukoni mwa suruali huleta usumbufu uleule.

Basi chuma gani? Kwa sururu, tafuta kichwa kilichofuliwa, wala si kilichomiminwa kwenye kalibu. Kilichomiminwa mara nyingi kina uso wa chengachenga na mshono mnene unaozunguka kichwa chote, na kikikutana na jiwe la kwarizi siku ya baridi kinaweza kukatika bila onyo. Tazama pia tundu la mpini. Tundu lenye kina, linaloufunika mti kwa upana wa vidole vitatu au zaidi, hushika. Tundu jembamba litakupa kichwa kinachocheza kila juma.

Kwa kisu cha kuchimbia, chuma bora kiko chini ya magari yetu mabovu. Springi bapa za pikapu, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine, zimetengenezwa kwa chuma kinachopaswa kupinda na kurudi mamilioni ya mara, na sifa hiyo ndiyo tunayoitafuta. Usichukue za lori kubwa, utabeba mzigo bure. Usichukue nondo, ni laini, itapinda ungali kijana. Na kwenye springi yenyewe kata kutoka mwishoni, mbali na lile tundu la katikati linalopita bolti, kwa sababu nyufa za uchovu wa chuma huanzia hapo. Springi iliyokatika garini ina siri ndani yake, iache.

Kwa mhunzi

Hapa kuna njia mbili, na mafundi wengi watakupeleka kwenye ile ngumu bila sababu.

Njia rahisi haihitaji moto. Springi imetoka kiwandani ikiwa tayari na ugumu unaofaa. Fundi anaikata kwa grenda, anachonga umbo la bapa lenye upana wa vidole vitatu likichongoka kuelekea ncha, anapunguza upande wa mkono uwe mwembamba wa kushikika, basi. Sharti ni moja: chuma kisipate moto hadi kuwa chekundu. Kila baada ya muda mfupi kichovywe kwenye ndoo ya maji. Mkunjo mdogo wa asili wa springi usinyooshwe, unasaidia kuzoa udongo. Sehemu ya mkono usiichomelee wala usihangaike kuitoboa kwa drili, itakumalizia biti. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, uvute kwa nguvu, uzungushie tabaka mbili tatu. Mpira huo hautelezi kwa jasho, hauchomi juani kama chuma kitupu, na ukichakaa unabadilishwa kwa dakika tano. Zana ya namna hii haina weldi, haina ribiti, haina gundi, haina shingo. Kama ningelazimika kupendekeza moja tu kwa msomaji asiye na fedha za kuchezea, ni hii.

Njia ya pili ni kufua. Unaihitaji ukitaka bapa lililokunjwa kama mfereji, au tundu la kuingizia mpini. Tatizo ni kwamba chuma cha springi kikishapigwa kikiwa chekundu na kuachwa kipoe, ugumu wake wa kiwandani umekwenda. Lazima urudishwe, na ukiagiza, liseme wazi.

"Mzee, baada ya kufua utakizima?"

"Nitakizima kwenye maji."

"Naomba iwe kwenye mafuta, hata oili chafu. Na kisha ukirudishe motoni kidogo."

Mhunzi anayejua kazi atatabasamu, maana umemwambia anayoyajua. Chuma hupashwa hadi sumaku isikinase tena, halafu kikaongezwa moto kidogo, kisha kikatumbukizwa kwenye mafuta. Maji hupoza kwa ghafla mno, na chuma cha springi kinaweza kupasuka humo. Kikitoka kwenye mafuta ni kigumu lakini ni chepesi kuvunjika, karibu kama chupa. Kwa hiyo husuguliwa hadi king'ae, halafu kupashwa taratibu hadi rangi ianze kutembea juu yake: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, bluu. Kwa zana ya kuchimbia, simama kwenye bluu. Wanaosimama kwenye manjano hupata makali yanayodumu na ncha inayobanduka kwenye jiwe la kwanza.

Unapokwenda kuchukua, beba tupa. Ipitishe kwenye makali. Ikiteleza bila kuuma, chuma ni kigumu kupita kiasi, kirudi motoni. Ikila kama inakata bati, ni laini, hakikuzimwa. Ikiuma kwa shida, lipa.

Hakuna sababu ya kuwadharau wahunzi wa karibu. Nchi hiyohiyo ambako leo watu wanasaka dhahabu, kusini mwa Ziwa Viktoria, ilikuwa ya Warongo, wayeyusha chuma ambao majembe yao yalisafiri mbali kwa biashara muda mrefu kabla ya majembe yaliyoletwa na meli. Nairobi kuna Kamukunji, ambako sauti ya nyundo haikatiki mchana kutwa. Na mtu asiye na mhunzi karibu atafute jembe la mkulima lililochakaa hadi nusu, la chapa ya Mamba, au la kiwanda cha UFI cha Ubungo kama amebahatika kuona la zamani. Chuma chake kimekwishapita mtihani wa shamba, upana uliobaki unatosha, na likiwekwa mpini mfupi linavuta udongo laini vizuri kuliko vijembe vingi vipya vya dukani. Kwenye changarawe ngumu halitafaa peke yake.

Mpini

Kwa sururu, mti. Plastiki hukauka na kupasuka juani, na bomba la chuma hupeleka kila pigo moja kwa moja kwenye kiwiko. Mkole ni mti unaofaa kwa mipini: mgumu, unaonyumbuka, na unapatikana porini kwingi. Chochote utakachochagua, tazama nyuzi. Ziende sambamba na mpini mwanzo hadi mwisho. Nyuzi zikitoka nje ubavuni katikati ya mpini, utakatikia hapo. Fundo lililo karibu na kichwa ni sababu ya kuuacha.

Mpini wa sururu huingizwa kutoka juu, ukapita kwenye tundu hadi ule unene wa mwisho unase. Kila ukirusha, kichwa kinazidi kukaza. Ukiona fundi ameuingiza kutoka chini na kuukaza kwa misumari, kataa. Siku moja kichwa kitaruka, na kichwa cha kilo moja hakiulizi kinaelekea kwa nani. Ile desturi ya kuloweka sururu kwenye maji usiku ili mti uvimbe na kukaza ina faida ya asubuhi moja. Mti ukikauka husinyaa, unalegea kuliko jana. Bora mafuta ya kitani yanayouzwa kwenye maduka ya rangi, mara mbili kwa mwaka, yaachwe yanywewe na mti.

Sumaku kichwani

Watafutaji wenye uzoefu hugundisha sumaku yenye nguvu kwenye kichwa cha sururu au kwenye kitako cha mpini. Sumaku ya spika mbovu inafaa. Ukishafukua, unaipitisha juu ya kifusi na ndani ya shimo. Ikinasa msumari, na ukirudisha mashine kimya kinatawala, umemaliza: ulikuwa msumari. Ikiwa sumaku haikunasa kitu na mashine bado inalia, sasa moyo una sababu ya kwenda mbio, kwa kuwa dhahabu hainaswi. Tahadhari, kizibo cha bati hunaswa lakini risasi na aluminiamu havinaswi, kwa hiyo usianze kupiga simu nyumbani.

Sumaku ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Sururu inapogonga mawe magumu, vipande vidogo sana vya chuma hubanduka kutoka kwenye ncha na kubaki shimoni. Ditekta za siku hizi zinavisikia. Mtu anaweza kuendelea kuchimba kwa nusu saa akiifukuza zana yake mwenyewe. Ipitishe sumaku kwanza, na ukiona unyoya wa chuma mpya unaong'aa, tatizo lilikuwa ncha yako. Mchanga mweusi nao utajaa kwenye sumaku. Ivalishe sumaku mfuko mwembamba wa plastiki, ukiuvua mchanga unaanguka wenyewe.

Kuchimba kwenyewe kuna adabu yake. Anza mbali na pale mlio ulipo, kiganja kizima pembeni, uje ukielekea katikati kutoka ubavuni. Anayepiga katikati moja kwa moja huikata dhahabu au huizamisha. Na usitumie ncha ya kisu kubetulia jiwe, hiyo ni kazi ya mtaimbo. Visu vingi vilivyokatika vilikatika kwa uvivu wa kurudi kuchukua mtaimbo uliokuwa chini ya mti.

Makali hunolewa kwa tupa, upande mmoja, mlalo usiwe mwembamba kama wa panga. Makali ya panga yatavunjika kwenye changarawe. Jioni futa udongo, hasa tope la mfinyanzi linaloshika unyevu usiku kucha, kausha, pitisha kitambaa chenye oili. Vaa miwani unapopiga kwarizi, vipande vyake vinaruka kama kioo. Na kama hujachanjwa pepopunda, chanjo ni ya bei ndogo kuliko zana yoyote iliyotajwa hapa. Bapa linaloshinda kwenye udongo wa mifugo ndilo litakalokukata kidole.

Wakati wa kuweka zana chini

Kuna milio ambayo zana, hata iwe bora vipi, haipaswi kuifuata. Ukifukua ukakutana na chuma cha mviringo kilichochongoka, chenye mapezi, au chenye mkanda wa shaba nyekundu kiunoni, usikigonge, usikichokoe, usikitoe. Mabomu hayazeeki kwa kupoteza hasira. Maghala ya silaha yalipolipuka Mbagala mwezi Aprili 2009 na Gongo la Mboto mwezi Februari 2011, vilipuzi viliruka hadi kwenye makazi ya watu. Kaskazini mwa Kenya, kwenye ardhi ya Wasamburu na Wamaasai ambako jeshi la Uingereza lilifanyia mazoezi, wachungaji wameumizwa na mabaki ya aina hiyo, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza ililipa fidia kwa baadhi yao. Taveta hadi Moshi palipiganwa Vita Kuu ya Kwanza. Weka alama mbali na shimo, ondoka kwa njia uliyokuja nayo, waite polisi.

Jambo la pili ni vitu vya kale. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na si vya aliyeviokota. Hoja yake inaonekana wazi Mtambwe Mkuu, Pemba, ambako mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua sarafu zaidi ya elfu mbili, nyingi zikiwa za fedha na ndogo kuliko ukucha. Kwa kuwa zilichimbwa taratibu, tabaka kwa tabaka, zimesimulia majina ya watawala na safari za biashara ya pwani yetu. Sururu moja ingezigeuza kuwa vyuma chakavu vya sonara. Ukiona sarafu ya kale, shanga, vigae vyenye rangi au taka za kuyeyushia chuma, acha shimo lilivyo na utoe taarifa kwa ofisi ya wilaya.

Na kabla ya yote hayo, karatasi. Kutafuta dhahabu bila kibali ni kosa Tanzania na Kenya pia, hata kama shamba ni la baba yako, kwa sababu madini ni mali ya umma. Tanzania utaanzia ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa wako, au uingie makubaliano ya maandishi na mwenye leseni ya uchimbaji mdogo. Ukipata, masoko ya madini, ambayo la kwanza lilifunguliwa Geita mwezi Machi 2019, ndiyo pa kuuzia. Kenya ni Sheria ya Madini ya mwaka 2016 na vibali vya wachimbaji wadogo vya kaunti.

Mwenye shamba atakuruhusu mara ya pili kama mara ya kwanza hukumwachia mashimo. Ng'ombe huvunjika mguu kwenye shimo la shubiri mbili lililofunikwa na nyasi, na shimo la kiunoni likijaa mvua ni hatari kwa mtoto. Ndiyo maana napendekeza sururu yenye upana upande mmoja, hata kama yenye ncha mbili inachimba mwamba vizuri zaidi: upande huo mpana unarudisha kifusi shimoni kwa mivuto michache, kisha unaigeuza, unakikandamiza kwa mgongo wa kichwa, unahamia mlio unaofuata.